Intaneti Ikitoweka, Hatutarudi Mwaka wa 1995

Mwalimu mstaafu wa Ahero, ambaye siku hizi anaendesha duka la pembejeo na dawa za mifugo, ameniandikia kuhusu ubishi uliozuka nyumbani kwake. Bintiye anamhimiza aachane na daftari la stoki na madeni na kuweka kila kitu kwenye simu. Kaka yake mkubwa naye anashikilia kwamba intaneti ikitoweka kesho, watu wataishi tu kama walivyoishi kabla ya 1995, na pengine kwa amani zaidi. Mwalimu anataka kujua nani kati yao yuko karibu na ukweli, pesa zake za M-Pesa zitakuwa wapi siku hiyo, na itachukua muda gani mambo kurudi kama kawaida.

Mwalimu, nashukuru kwa swali lako. Nitaanza na kaka yako mkubwa, na kwa heshima zote, hilo la 1995 silikubali. Mwaka ule Kenya ndiyo kwanza ilikuwa inaunganishwa na intaneti kikamilifu, na walioitumia walikuwa wachache, wengi wao katika vyuo, mashirika na ofisi za Nairobi. Sisi wengine tuliishi bila intaneti, lakini tulikuwa na mifumo mingine iliyofanya kazi zake. Palikuwa na posta yenye makarani wa kutosha na huduma ya telegramu. Palikuwa na vibanda vya simu mjini na sokoni. Benki iliandika leja ambayo karani angeweza kuifungua mwenyewe. Na mwenye duka la jumla pale Kisumu alijaza stoo hadi darini kwa sababu alijua kwamba oda yake nyingine itachukua muda kufika. Mifumo hiyo haikuwekwa akiba mahali ikingoja kuitwa tena. Iliondolewa kidogo kidogo, kila sehemu ikiachwa pale intaneti ilipoonekana kuifanya kazi ile ile kwa gharama ndogo. Vibanda vya simu vimeng'olewa, karani amestaafu kama wewe na nafasi yake haikujazwa, na stoo iliyokuwa ikijaa sasa hupokea mzigo mdogo mdogo kila baada ya siku chache. Anayesema tutarudi 1995 anasahau kwamba 1995 yenyewe haipo tena ya kurudia.

Kabla sijagusa pesa zako, inafaa tukubaliane maana ya intaneti kutoweka, kwa kuwa jibu hubadilika kabisa kulingana na maana hiyo. Intaneti haina makao wala mtambo mmoja unaoweza kuzimwa. Ni makubaliano kati ya mitandao zaidi ya 70,000 duniani, ya kampuni za simu, vyuo, benki na serikali, kwamba itapokezana data kwa kufuata kanuni za pamoja, zile ambazo mtandao wa utafiti wa Marekani uitwao ARPANET ulianza kuzitumia rasmi tarehe 1 Januari 1983. Kwa hiyo mtu akisema intaneti imepotea, huenda anazungumzia mojawapo ya mambo matatu.

La kwanza ni kukatika kwa njia ya kutoka nje. Data nyingi za Kenya hupitia nyaya za faiba zilizolazwa chini ya bahari na kuibukia Mombasa: TEAMS na SEACOM zilizoanza mwaka wa 2009, EASSy ya 2010, na nyingine zilizofuata. Mnamo Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na kwa siku kadhaa Afrika Mashariki nzima ikahisi uzito huo. Bila shaka unakumbuka video zilizokataa kufunguka. La pili ni kuanguka kwa huduma moja kubwa huku intaneti yenyewe ikiwa hai, kama ilivyotokea tarehe 4 Oktoba 2021, wakati kampuni ya Facebook ilipojifutia njia zake yenyewe kwa bahati mbaya, na WhatsApp, Instagram na Facebook zikapotea duniani kote kwa takriban saa sita. La tatu ni lile analolifikiria kaka yako: kwamba makubaliano yenyewe yamekufa na hakuna mtandao unaoweza kuzungumza na mwenzake kwa kanuni zile. Hili la tatu sioni kinachoweza kulisababisha, lakini ni zoezi zuri la akili, kwa sababu ndilo linaloonyesha ni nini kimejengwa juu ya nini.

Sasa tuje kwenye pesa. Ukituma shilingi mia tano kwa kabambe, ile simu ya vitufe isiyo janja, kutoka Ahero kwenda kwa mteja wako wa Awasi, simu yako haitumii intaneti hata chembe. Menyu ya M-Pesa imo ndani ya laini yenyewe. Ukishaingiza namba ya mteja, kiasi na namba yako ya siri, laini huufumba ujumbe huo usomeke na kampuni ya simu tu, kisha huutuma kwa njia ile ile ipitishayo ujumbe mfupi, kutoka kwenye mlingoti wa simu hadi kwenye kompyuta za kampuni, ambako akaunti yako hupunguzwa mia tano na ya mteja ikaongezwa. Ndiyo sababu huduma hiyo, ilipoanzishwa Machi 2007, ilienea upesi hadi vijiji ambavyo havikuwa na saiba hata moja. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwa miaka ya mwanzo kompyuta hizo zilikuwa Ulaya. Pesa ya kutoka Ahero hadi Awasi, mwendo mfupi tu kwa matatu, ilihesabiwa Ulaya kisha jibu likarudi nyumbani. Mnamo 2015 mitambo ilihamishiwa Kenya.

Kutokana na uhamisho huo, nyaya zote za Mombasa zikikatika usiku wa leo, natarajia kabambe yako itaendelea kutuma na kupokea pesa kesho asubuhi, kwa kuwa kila hatua ya safari hiyo iko ndani ya nchi. Programu ya simu janja siiwekei dhamana kama hiyo, kwa sababu programu za aina hiyo huwa na mazoea ya kuulizia vitu vidogo vidogo kwa kampuni za ng'ambo kabla ya kufunguka, na kimoja kikikosa kujibu, zote husimama. Lakini tukiingia katika maana ya tatu, kabambe na simu janja zinakuwa sawa. Milingoti ya simu siku hizi huwasiliana na makao makuu ya kampuni kwa kanuni zile zile za intaneti, ingawa ni ndani ya mtandao wa faragha usioonekana kwa mtu wa nje. Kanuni zikifa, hata kupiga simu ya kawaida kunakufa pamoja nazo. Watu wengi wakiwaza juu ya kupotea kwa intaneti huwaza kukosa Facebook huku simu ikiendelea kulia mfukoni, na hapo ndipo hesabu yao inapopotoka.

Na pesa zenyewe ziko wapi? Kiasi unachokiona kwenye simu kina shilingi halisi zinazolingana nacho, zilizowekwa katika akaunti za amana kwenye benki kwa niaba ya wateja wote, ambao sasa ni zaidi ya milioni 30. Rekodi ya M-Pesa ndiyo inayosema sehemu ipi kati ya hizo ni yako. Basi siku hiyo pesa zako hazitakuwa zimepotea, ila hakuna mtu ndani ya Ahero atakayeweza kuthibitisha kwamba ni zako. Wakala wa jirani atakuwa na floti kwenye simu isiyomsaidia chochote na noti chache kwenye droo, na saa za kwanza kila mtu atamkimbilia atoe. Kufikia saa nne asubuhi droo itakuwa tupu. Mashine za benki za kutolea pesa nazo haziwezi kukupa noti bila kuuliza salio lako kwanza, na meneja wa tawi hana leja ya kufungua mezani, kwa kuwa hesabu za matawi yote ziko kwenye kompyuta za makao makuu. Hata hundi haitakuokoa kama ilivyokuwa zamani, maana tangu 2011 benki za Kenya hazisafirishi tena karatasi ya hundi kutoka benki moja hadi nyingine. Hupelekeana picha yake.

Hapa kaka yako anaweza kunipinga kwamba pesa zilitumwa mbali kabla ya mambo haya yote, na ni kweli. Western Union ilianza kutuma pesa kwa telegrafu mwaka wa 1871, na mtandao wa SWIFT ambao benki za dunia hutumia kuagizana malipo ulianza kazi mwaka wa 1977. Kutuma pesa kwa waya ni jambo kongwe kuliko intaneti kwa zaidi ya karne moja. Ila zile nyaya za telegrafu hazipo tena, na SWIFT yenyewe siku hizi husafiri kwa kanuni ninazozizungumzia.

Kitakachoendesha biashara ya Ahero katika wiki ya kwanza ni deni. Mteja atachukua mfuko wa chakula cha kuku bila kulipa, wewe utachukua unga kwa jirani bila kulipa, na mwenye kujua kwa maandishi nani anamdai nani ndiye atakayekuwa na usemi. Kwa hivyo kuhusu binti yako: ana haki kwa siku za kawaida, kwa kuwa programu nzuri ya duka itakuambia dawa ipi inakaribia kuisha muda na mteja yupi hajalipa tangu Pasaka, kazi ambayo daftari haliifanyi vizuri. Mwache aweke kila kitu kwenye simu. Lakini kila jioni ya Jumamosi anakili kwa kalamu majina ya wanaodaiwa, kiasi, na salio la stoki, na wadeni wakubwa watie sahihi. Kurasa chache kwa wiki zinatosha. Vilevile muulize kama programu hiyo huhifadhi hesabu ndani ya simu yenyewe au kwenye kompyuta ya mwenye programu, ambayo huenda iko Ireland au Afrika Kusini. Kama ni ile ya pili, basi nyaya zikikatika tu, hata katika ile maana ya kwanza iliyo nyepesi, duka lako litakuwa halijui lina nini.

Tokeni za stima nazo zina ajabu yake. Mita ya nyumbani kwako haijaunganishwa na mtandao wowote. Zile tarakimu 20 unazobonyeza zimefumbwa kwa ufunguo ambao mita na Kenya Power pekee wanaujua, na mita huzifumbua yenyewe pale ukutani. Kwa maneno mengine, tokeni uliyoinunua leo na kuiandika kwenye karatasi itaingia vizuri hata kama intaneti itakufa kesho. Kinachohitaji mtandao ni kuinunua tu. Anayenunua za shilingi hamsini kila jioni ndiye atakayelala gizani wa kwanza.

Kwenye rafu za duka lako hali itatofautiana. Kibandiko cha mbegu kinachokwaruzwa na mkulima, kisha akatuma namba zake kwa ujumbe mfupi ili ajue kama mbegu ni halali, kinaweza kuendelea kufanya kazi ilimradi mtandao wa simu uko hai. Mbolea ya ruzuku ni ngumu zaidi. Mkulima aliyesajiliwa hupata ujumbe wa vocha, huenda nao hadi ghala la NCPB, bodi ya taifa ya nafaka, na karani huuthibitisha kwenye mfumo kabla ya kumtolea mfuko kwa shilingi 2,500. Mfumo ukikosa kujibu, ujumbe ulio mkononi mwa mkulima ni maandishi tu, na karani anayemhurumia akampa mfuko anajiweka kwenye hatari ya kulipa kwa mshahara wake. Mbolea itakuwepo pale pale, imepangwa hadi juu, na foleni itakuwepo nje. Hali hii ya mali kuwepo na idhini kukosekana ndiyo itakayojirudia kila mahali, kutoka ghala la mbolea hadi duka la dawa la hospitali, na kwa maoni yangu ndiyo itakayowakasirisha watu kuliko ukosefu wa habari au burudani.

Foleni hiyo itakuwa ndefu zaidi mpakani. Malori yanayopita Malaba na Busia kwenda Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo hukaguliwa kwa hati ambazo ziliwasilishwa kwenye kompyuta za forodha kabla ya lori lenyewe kufika, na ushuru huwa umelipwa tangu mzigo ukiwa Mombasa. Afisa wa mpakani asipoweza kuziona hati hizo, hana njia ya kujua kama mafuta yaliyo kwenye tangi yamelipiwa. Unaijua barabara ya Bungoma kwenda Malaba jinsi inavyokuwa mfumo ukisumbua kwa nusu siku tu.

Naivasha, hapa kwetu Kaunti ya Nakuru, hawatakuwa na hata nafasi ya kusubiri. Ua la waridi likishakatwa shambani huwekwa kwenye baridi, hupelekwa Nairobi usiku na kupandishwa ndege, na linapofika Uholanzi linauzwa mnadani kwa wanunuzi walioketi kwenye kompyuta zao katika miji mingine. Zamani wanunuzi walifika wenyewe kwenye ukumbi wa mnada, kwa hiyo hilo lingeweza kurudi. Lakini oda ya duka kubwa la Uingereza, hati za afya ya mimea na nafasi kwenye ndege vyote hupangwa siku chache tu kabla, na waridi halihifadhiki hadi mambo yatengemae. Nadhani wafanyakazi wa mashamba hayo watakuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurudishwa nyumbani, tena katika wiki ile ile ya kwanza. Chai ya Kericho na Nandi itastahimili zaidi, kwa sababu majani makavu yanaweza kukaa ghalani Mombasa, ingawa mnada wake nao ulihamia kwenye kompyuta mwaka wa 2020.

Ngoja niguse jambo ambalo hukuliuliza lakini nina hakika litakuja mezani kwako kabla ya mengine yote, nalo ni matanga. Siku hizi mzee akifariki Nyakach, kundi la WhatsApp hufunguliwa jioni hiyo hiyo. Kabla ya usiku wa manane ndugu wa Nairobi, Mombasa, Doha na Minnesota wote wamo, mweka hazina anabandika orodha ya michango inayokua kila baada ya dakika chache, na kila jina linalokosekana linaonekana na wote. Siku ya mazishi walio ng'ambo hutazama moja kwa moja kwa simu. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa telegramu, kwa tangazo la kifo redioni, kwa ukurasa wa gazeti, na kwa kijana aliyepandishwa basi la usiku akampashe habari mjomba Nairobi. Redio ipo bado, na matangazo hayo yangerudi kwa kishindo. Kijana wa basi angerudi pia. Ila mchango wa walio ng'ambo ungekwama, na huo si mdogo: Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka wa 2024, kwa hesabu za Benki Kuu, na sehemu kubwa ya pesa hizo huishia kwenye karo, hospitali na mazishi. Mazishi yangekuwa madogo na yangefanyika upesi zaidi, na najua wapo watakaosema afadhali iwe hivyo.

Kwa upande wa serikali tumeshapata onjo. Mwezi wa Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulishambuliwa na wadukuzi waliouzidishia maombi ya bandia hadi ukalemewa. Kwa siku kadhaa watu walihangaika kupata huduma, ununuzi wa tokeni na wa tiketi za treni ukasumbua, na serikali ikalazimika kuwapa wageni viza wanapowasili kwa sababu maombi ya mtandaoni hayakupita. Intaneti yenyewe haikuwa imeguswa. Kwa mwalimu mstaafu kama wewe ningesema hivi: barua ya kustaafu, kadi ya benki ambako pensheni huingia, hati ya shamba na kitambulisho cha bima ya afya viwe na nakala za karatasi katika bahasha moja, kwa kuwa katika ofisi isiyoona mfumo, mwenye karatasi husikilizwa kabla ya mwenye maelezo.

Yapo mengi ambayo hayatabadilika hata kidogo, nami sipendi kuyapuuza. Redio na televisheni za angani husafiri kwa mawimbi yake. Kule Budalang'i, ambako Mto Nzoia hufurika, redio ya jamii ya Bulala FM huwafikia watu wa kando ya mto bila kumhitaji mtu awe na bando. Kifaa cha GPS hupokea ishara moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti, hivyo mvuvi aliyeweka alama ya nyavu zake ziwani bado ataziona. Omena itaanikwa, mpunga wa Ahero utavunwa, na ng'ombe atakamwa. Elimu pia ina kinga kubwa kuliko watu wanavyodhani: Wikipedia yote ya Kiingereza inaweza kupakuliwa na kuwekwa kwenye diski ndogo ya mfukoni, na shule isiyo na intaneti ikaisoma kwa miaka. Kama una rafiki anayefundisha kompyuta, mwombe akuwekee.

Kuhusu hilo la amani zaidi, kaka yako ana hoja kwa sehemu. Kuna usiku mwingi ambao vijana wetu wangeulala vizuri zaidi simu zikinyamaza, na kamari ya simu ingekosa uwanja. Lakini uvumi haukuletwa na intaneti. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maneno ya chuki yalisambaa kwa ujumbe mfupi na kwa midomo, wakati ambapo ni Wakenya wachache tu waliokuwa na intaneti mkononi, na sisi tuliokuwa Nakuru tunayakumbuka yaliyofuata. Uvumi usio na mahali pa kuuthibitisha hukua. Mtu aliyesikia kwamba barabara ya Kericho imefungwa, naye hawezi kumpigia aliyeko Kericho, ataamini.

Swali lako la mwisho lilikuwa juu ya muda. Katika maana ya tatu, ile ya kanuni kufa zote, vifaa vingekuwepo na nyaya zingekuwa ardhini, hivyo wahandisi wangeanza na mitandao midogo ndani ya nchi, simu kwanza na pesa baadaye, kabla ya kuunganisha Kenya na dunia. Kinachonitia wasiwasi ni ruhusa kuliko mitambo. Mwaka wa 2000 watoa huduma za intaneti nchini walijenga kituo cha kubadilishana data kiitwacho KIXP, kwa sababu hadi wakati huo barua pepe kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa jirani yake ilipaa kwa setilaiti hadi ng'ambo ndipo irudi. Kituo kilifunguliwa Novemba, kikafungwa na mdhibiti baada ya takriban wiki mbili kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na haki ya peke yake juu ya mawasiliano ya nje, na hakikufunguliwa tena hadi Februari 2002. Waya wa kuunganisha mitandao hiyo ulikuwa kazi ya siku chache, na kukubaliana kukachukua zaidi ya mwaka. Ningetarajia hali kama hiyo tena: wiki kadhaa kwa simu na pesa za ndani, na miaka kwa yaliyobaki.

Lakini usilipange duka lako kwa ajili ya maana ya tatu. Jipange kwa yale yanayotokea kweli. Misri ilizimiwa intaneti na serikali yake kwa takriban siku tano kuanzia mwisho wa Januari 2011. Tonga, baada ya mlipuko wa volkeno wa tarehe 15 Januari 2022 kuukata waya wake wa pekee wa kimataifa, ilikaa takriban wiki tano hadi ulipounganishwa tena. Kenya ina nyaya kadhaa, na tangu 2023 ina huduma ya Starlink pia, kwa hiyo wiki tano kwetu ni nadra sana. Basi chukua siku tano kama kipimo. Weka noti na sarafu za kutosha kununua stoki na kurudisha chenji kwa siku hizo, tokeni moja ambayo haijaingizwa, namba za simu za wasambazaji wako zilizoandikwa kwenye karatasi, na chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku, inayotosha wateja wako wa kawaida bila kungoja gari la Alhamisi. Chanjo hiyo huharibika isipokaa kwenye baridi, kwa hiyo kabla ya kuongeza stoki yake, hakikisha kwanza kwamba friji ya duka ina njia ya pili ya umeme.